Ajali za ndani ya mzizi wa jino: namna ya kuzizuia, na la kufanya zikishatokea

Kabla faili, kile kisindano cha chuma cha kusafishia mfereji wa jino, halijakatika ndani ya mzizi, huwa limegoma. Kabla sakafu ya gego haijatoboka, ncha ya drili huwa imeshapita kina ambacho ulipaswa kuwa umeingia kwenye chumba cha kiini cha jino. Kabla jiki ya kuoshea mfereji haijapenya nje ya mzizi, bomba la sindano huwa limekuwa zito kidoleni. Karibu kila ajali ya kutibu mzizi hubisha hodi kwanza, na kazi kubwa ya mtabibu ni kuisikia hodi hiyo na kusimama. Maelezo haya ni kwa daktari au tabibu wa meno anayefanya kazi hii kwenye kliniki ya kawaida ya Sinza, Mbagala au Gongo la Mboto: hana hadubini, eksirei anayo, na mgonjwa wake wa saa nne amefika saa tano kwa sababu ya foleni.

Tuanzie hapo kwenye foleni. Mgonjwa akichelewa, punguza kazi ya siku hiyo, hatua zibaki vile vile. Fungua jino, toa kiini kilichooza, weka kalsiamu haidroksaidi, ziba kwa muda, mpangie siku nyingine. Gego lenye mifereji minne halimalizwi kwenye nusu saa iliyobaki kabla ya mgonjwa anayefuata. Anayejaribu ndiye anayekuja kutuuliza baadaye jinsi ya kutoa faili lililokatika.

Picha, kina na ramani ya sakafu

Piga eksirei inayoonyesha jino zima pamoja na angalau mm 2 za mfupa nje ya ncha ya mzizi. Usiishie kutafuta weusi wa jipu. Angalia chumba cha kiini kiko kina gani, mzizi unapinda wapi, na mfereji unapotea wapi. Mfereji unaoonekana vizuri kisha ukafifia ghafla katikati ya mzizi mara nyingi umegawanyika hapo kuwa miwili.

Kwenye magego, kutoka kilele cha jino hadi dari ya chumba ni kama mm 6, na hadi njia panda ya mizizi ni kama mm 11. Chumba chenyewe mara nyingi kina urefu wa mm 2 hivi tu, na kwa mzee wa miaka sabini dari inaweza kuwa imeshuka hadi inakaribia kugusa sakafu. Kwa hiyo pima ncha ya drili kwa rula na uweke alama ya wino kwenye mm 7. Ukifika kwenye alama bila kuhisi drili imedumbukia, zima, piga picha nyingine. Usingoje damu ikuambie. Jino lenye kofia, au lililolalia pengo la jirani aliyeng'olewa, hudanganya mwelekeo. Hapo ni afadhali uanze kufungua kabla ya kufunga mpira wa kutenga jino, uone mizizi ilivyokaa chini ya ufizi, kisha ufunge mpira mara tu unapopata chumba.

Ukishaingia, rangi ndiyo ramani. Dari ni ya njano iliyopauka. Sakafu ni ya kijivu, na juu yake kuna mistari myeusi inayokwenda kwenye midomo ya mifereji, ambayo hukaa pale sakafu inapokutana na ukuta. Fuata mistari, sakafu yenyewe usiichimbe. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini kwa zaidi ya nusu ya watu lina mifereji minne. Huo wa nne hujificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, mm 2 hivi kuelekea kaakaa. Meno ya mbele ya chini nayo si ajabu kuwa na mifereji miwili, wa pili ukiwa upande wa ulimi. Mgonjwa anayerudi baada ya miezi sita na jino "lililozibwa vizuri" lakini linauma, mshuku kwanza mfereji uliorukwa.

Kuhusu ganzi, tahadhari moja. Gego la chini lililomkesha mtu usiku kucha husumbua: mdomo unakufa ganzi, jino linabaki macho. Subiri dakika 15 baada ya sindano ya taya, kisha ligusishe baridi kabla ya drili. Likishtuka, ongeza atikaini 4% upande wa shavu, au sindano ya pembeni kati ya jino na mfupa; ile ya kuchoma ndani ya kiini iwe ya mwisho. Huku ukiongeza, hesabu: katriji ya ml 1.8 ya lignokaini 2% ina mg 36, na lignokaini yenye adrenalini haizidi mg 7 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Mtu anayeruka kitini ndiye anayefanya drili iteleze.

Mpira wa kutenga jino

Wapo wanaouona kama pambo la chuoni. Sisi tunasema wazi: bila mpira, jiki kali isiingie kinywani, na faili lisilofungwa uzi lisiingie pia. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mpira unachanika. Unachanika kwa sababu umekaa kabatini kwenye joto la Dar miezi minane. Joto hulila lateksi. Weka boksi kwenye friji, na kabla ya kutumia vuta kipande kimoja kwa vidole uone kama kinarudi. Kibanio nacho kifungwe uzi wa meno kabla hakijaingia kinywani, kwa sababu vibanio huruka.

Siku ambayo mpira umeisha kabisa na mgonjwa ana maumivu, funga uzi wa meno wa sentimita 30 hivi kwenye mpini wa kila faili, ziba nyuma ya ulimi kwa shashi iliyofunguliwa, safisha kwa maji ya dripu, na ufanye kazi ya dharura tu. Faili likidondoka kooni, mwinamishe mgonjwa mbele na umwambie akohoe. Lisipotoka, apelekwe kupiga picha ya kifua na tumbo siku hiyo hiyo, hata kama hakohoi na anakuambia yuko sawa. Kitu kilichoingia kwenye njia ya hewa kinaweza kukaa kimya.

Jiki

Haipokloraiti, yaani dawa iliyo ndani ya jiki, ndiyo bora tuliyo nayo ya kuosha mzizi: inaua vijidudu na inayeyusha nyama iliyooza, jambo ambalo klorheksidini, dawa nyingine ya kuoshea, haifanyi. Hutumika kati ya 0.5% na 5.25%. Kliniki nyingi hutumia jiki ya dukani, na haina ubaya ikiwa ni ile ya kawaida, isiyo na manukato wala uzito wa rojo. Soma asilimia kwenye lebo, kisha changanya kwa hesabu. Kama lebo inasema 3.5%, ml 50 za jiki na ml 20 za maji yaliyochemshwa na kupoa zinakupa ml 70 za 2.5%. Changanya ya siku moja tu, kwenye chupa nyeusi, mbali na dirisha. Joto na jua huidhoofisha, na jiki iliyokaa mezani wiki nzima unaweza kudhani ni dawa kumbe inakaribia kuwa maji.

Kosa baya kuliko yote hutokea mezani, kabla ya kinywani: jiki kuchomwa kama ganzi au kudhaniwa maji ya dripu. Zote ni majimaji meupe kwenye bomba lile lile. Bomba la jiki lizungushiwe plasta nyekundu kila siku, hata kama uko peke yako chumbani, na katriji ya ganzi iliyokwisha isijazwe kitu kingine kamwe.

Sindano iwe nyembamba, namba 27 au 30, yenye tundu pembeni na ncha iliyozibwa. Ipimishe kwa rula: kama urefu wa kufanyia kazi ni mm 21, weka kizuizi cha mpira kwenye mm 18. Sukuma kwa kidole cha shahada, usitumie gumba, kwa sababu gumba lina nguvu usizozihisi. Ml 1 ichukue sekunde 15 hadi 20, huku sindano ikipanda na kushuka mm 2 muda wote. Ikikwama kwenye ukuta, acha kusukuma kwanza, ndipo uivute. Ukiona majimaji hayarudi juu kwenye mdomo wa mfereji, jiulize yanakwenda wapi. Mizizi ya watoto ambayo ncha yake haijafunga, mizizi iliyolika, na iliyotoboka ioshwe kwa maji ya dripu au jiki hafifu sana.

Ikipenya, utajua papo hapo. Mgonjwa mwenye ganzi anashtuka kwa maumivu makali ya kuunguza, damu inapanda kwenye mfereji, na ndani ya dakika chache shavu au mdomo unaanza kuvimba mbele ya macho yako. Chini ya jicho panaweza kuwa peusi kama mtu aliyepigwa ngumi. Fanya hivi:

Simama, toa sindano, mketishe mgonjwa wima. Acha damu itoke, kwani inabeba jiki; usiibane kwa pamba. Osha mfereji taratibu kwa maji mengi ya dripu, bila shinikizo. Toa ganzi ya neva kwa mbali, usichome kwenye uvimbe wenyewe. Siku ya kwanza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kuweka na 15 kupumzika. Kuanzia siku ya pili kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Dawa ya maumivu apate. Uvimbe ukiwa mkubwa, antibayotiki ya kuzuia maambukizi kwenye nyama iliyoungua ina maana hapa. Mpigie simu jioni hiyo, na umwone kila siku hadi uvimbe ugeuke.

Akianza kupata shida ya kumeza au kupumua, sauti ikibadilika, jicho likifunga au kuona kukififia, hapo hakuna kusubiri kesho: apelekwe Muhimbili au hospitali yoyote yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na barua yako ieleze ni dawa gani, asilimia ngapi, jino gani na saa ngapi. Jiki ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha kwa daktari wa macho. Na mfunike mgonjwa aproni ya plastiki. Kuna watu watakusamehe uvimbe wa shavu kabla hawajakusamehe doa jeupe kwenye kitenge kipya.

Usichanganye jiki na klorheksidini ndani ya mfereji; zikikutana hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba mirija ya jino. Katikati osha kwa maji ya dripu na ukaushe kwa vijiti vya karatasi. EDTA 17%, dawa ya majimaji inayolainisha ukuta wa mfereji, dakika moja mwishoni inatosha kuondoa utando wa ukutani. Usipulizie hewa kwenye mfereji hata kidogo. Hewa ikiingia chini ya ngozi, shavu huvimba ghafla bila maumivu makubwa, na ukilibonyeza linachakarika chini ya vidole.

Faili linapogoma

Mafaili ya mkono yana rangi kwa sababu maalumu: 10 zambarau, 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 buluu, 35 kijani, 40 nyeusi. Kutoka 10 kwenda 15 kipenyo cha ncha kinaongezeka kwa nusu nzima, ndiyo maana watu wengi hukwama hapo. Usiruke namba, na usiingie namba mpya mpaka ya kabla yake icheze bila kukaza. Urefu uwe mm 0.5 hadi 1 kabla ya ncha ya mzizi inayoonekana kwenye picha; thibitisha kwa kifaa cha kielektroniki cha kupima urefu kama unacho.

Shika faili dhidi ya taa kila mara kabla ya kuliingiza. Mizunguko yake iwe na nafasi sawa. Ukiona sehemu moja imefunguka, au imebana zaidi, au inang'aa kwa namna ya peke yake kama kioo kidogo, chuma kimechoka pale. Tupa. Namba 6, 8 na 10 tusizihurumie, zina bei ndogo kuliko usumbufu wake. Ya mashine ya nikeli-titani ni hatari zaidi kwa sababu hukatika bila kuonyesha alama. Hayo hesabu matumizi, uyaingize pale tu ambapo faili la mkono namba 15 limeshapita hadi mwisho, mfereji ukiwa umelowa, kasi na nguvu vikiwa kama mtengenezaji alivyoandika. Gusa mara mbili tatu, toa, futa, osha. Usilikandamize.

Likikatika, acha kila kitu na upige picha. Kisha mwambie mgonjwa, siku hiyo hiyo, kwa maneno yasiyozunguka:

"Mama, ncha ndogo ya kifaa, kama mm 3, imekatika ndani ya mzizi. Haitembei, wala haiingii kwenye damu."

"Sasa daktari, itabaki humo humo?"

"Nitajaribu kupita pembeni yake. Ikishindikana, aidha nakupeleka kwa bingwa aitoe, au tunaziba hadi hapo ilipo na kuliangalia jino kwa picha. Nimeandika kwenye kadi yako."

Uamuzi unategemea mambo mawili: kipande kimekaa wapi, na mfereji ulikuwa umeshasafishwa kiasi gani. Kama jino halikuwa na jipu na kipande kimekatikia karibu na ncha mwishoni mwa kazi, kuziba hadi hapo na kufuatilia mara nyingi huenda vizuri. Kama kimekatikia mapema, kwenye mzizi wenye usaha, vijidudu vyote vimebaki nyuma yake, na hapo kupita pembeni au kutoa kuna thamani. Kupita: faili namba 8 au 10 lenye ncha iliyokunjwa kidogo, EDTA, robo mzunguko kwenda na kurudi, uvumilivu. Kukitoa kwa mashine ya altrasoniki bila hadubini ni kuchimba gizani. Wengi hutoboa mzizi wakitafuta kipande ambacho kingeachwa.

Ngazi iliyochongwa kwenye kona hutokana na faili lililonyooka kusukumwa kwenye mzizi uliopinda. Utaijua kwa ule mgoto mgumu, kama unagonga ukuta, wakati unga wa jino uliojaa husikika laini na kunata. Unga unaoshwa, kisha namba 10 inapitishwa tena. Fanya hivyo kila baada ya faili mbili hata kama hakuna tatizo. Ngazi inataka faili namba 10 lililokunjwa mm 2 za mwisho, na kizuizi chake kielekezwe upande wa mkunjo ili ujue ncha inatazama wapi. Ukishapita, usitoke haraka: fanya mikato mifupi ya mm 1 hapo hapo hadi ngazi ilainike.

Pakitoboka

Dalili ni damu ya ghafla, kijiti cha karatasi kinachotoka na damu ubavuni badala ya nchani, au kifaa cha urefu kinacholia ukiwa mm 10 tu ndani. Kwenye mzizi wa mbele wa magego ya chini, ukuta unaotazama njia panda ndio mwembamba. Chonga ukiegemea upande wa mbali nao.

Weka jiki pembeni, tumia maji ya dripu. Zuia damu kwa pamba yenye maji kwa dakika kadhaa. Tundu dogo, la siku hiyo, lililo mbali na ukingo wa ufizi, linaponyeka vizuri likizibwa mara moja kwa MTA, saruji ya kuzibia matundu ya mzizi, au nyingine ya aina hiyo. Poda yake haipendi unyevu wetu wa pwani: funga kopo palepale, usiliache wazi ukichanganya. Kama huna MTA, ziba jino kwa muda na umpeleke kwa bingwa siku hiyo au kesho yake. Kila siku inayopita na tundu wazi, mate yanaingia kwenye mfupa.

Kuziba, na siku tatu zinazofuata

Kijiti kikuu cha gutapecha, ule utomvu mgumu wa kujazia mfereji, kikae kwenye urefu wako na kikatae kidogo unapokivuta. Kisipokataa, kitapita nje pamoja na saruji. Kwenye magego ya chini hilo ni jambo zito: ikiwa ganzi imeisha muda wake na mgonjwa bado hasikii mdomo wa chini, au ana maumivu ya kuunguza, piga picha na umpeleke kwa upasuaji siku hiyo. Neva iliyobanwa au kuunguzwa haisubiri wiki.

Maumivu ya siku moja hadi tatu ni ya kawaida. Angalia kama jino linagonga juu, lipunguze. Ibuprofeni mg 400 pamoja na parasetamo mg 1000, kila baada ya saa 6, parasetamo isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni asipewe mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mjamzito, au pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo. Antibayotiki haitulizi maumivu haya. Wengi watakuwa wameshanunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa kabla hawajakupigia, kwa hiyo uliza. Antibayotiki inahitajika kukiwa na homa, uvimbe unaosambaa au kinywa kisichofunguka: amoksilini mg 500 kila saa 8 kwa asiye na mzio wa penisilini, pamoja na kufungua jino na kutoa usaha. Uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi ulioinuliwa, mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza: hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Kijazo cha muda kiwe na unene wa mm 4 kamili, juu ya pamba nyembamba sana. Pamba nene ndiyo hufanya kijazo kizame mgonjwa akila muhogo siku ya tatu. Mwambie jino lililotulia bado halijapona, kwa kuwa maumivu yakiisha watu wengi hawarudi, na mwezi wa tatu kijazo kimeshang'oka na mate yamerudi hadi nchani. Chukua namba mbili za simu, yake na ya mtu wa nyumbani, na umwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi kabla hajashuka kitini.